Mali Kauli na Kimemo

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya watumishi wa serikali na walimu wanaokaribia kustaafu, juu ya kupata wateja na kudumisha uhusiano mwema katika biashara.)



Mtumishi wa umma nchini Tanzania anapoukaribia umri wa miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu kwa lazima, au 55 kwa yule apendaye kuondoka mapema, huanza kuulizwa swali moja na kila anayekutana naye njiani: je, atafanya nini? Jibu lake mara nyingi ni lile lile. Atafungua duka. Atanunua mashine ya kusaga. Atajenga vyumba vitatu vya kupangisha, na kile cha mbele atauza saruji, misumari na bati. Hesabu ya mambo yote hayo huanzia kwenye kiinua mgongo na huishia hapo hapo. Ndiyo maana mjadala wa kikokotoo ulikuwa mkali sana. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo yaliwekwa kuwa asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024 yakapandishwa hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wakipata asilimia 50. Kila mstaafu anajua tofauti ya asilimia 7 ni bati ngapi. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza swali la pili: duka likishafunguliwa, ni nani atakayeingia? Na siku fedha za kununulia bidhaa zitakapopungua, ni nani atakayekubali kumpa mwenye duka mzigo?

Hapana mji usio na duka la namna hii: lilifunguliwa na mstaafu kwa shangwe, likapakwa rangi mpya, likajazwa sukari, mafuta na madaftari ya shule, na kabla ya mwaka kutimia rafu zake zikabakiwa na viberiti na chumvi. Majirani husema kwamba mwenyewe hakuijua biashara. Maneno hayo ni kweli nusu. Kuhesabu alijua, pengine alifundisha hesabu kwa miaka 30. Kilichomshinda ni kwamba katika miaka yote hiyo watu walimjia yeye, naye hakupata hata siku moja kuwaendea.

Mwananchi anayetaka kibali, cheti au uhamisho wa mtoto wake hana mahali pengine pa kukipata. Akijibiwa kwa ukali leo, atarudi kesho. Akiambiwa faili halionekani, atarudi Jumatatu, tena ataamkia kwa adabu zaidi kuliko mara ya kwanza. Mteja wa dukani hafanyi hivyo. Akijibiwa vibaya haoni sababu ya kugombana. Hutoka, huvuka barabara, na harudi tena. Wala hasemi kwa nini. Mtumishi aliyezoea kulalamikiwa hudhani kwamba mahali pasipo malalamiko pana amani, kumbe dukani ukimya ndio msiba wenyewe.

Tabia hiyo isilaumiwe kwa mtu mmoja mmoja tu, maana ina historia yake. Watu waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 na 1980 walikulia katika nchi ambamo mwuzaji hakuwa na haja ya mnunuzi. Shirika la Biashara la Taifa, STC, lililoanzishwa mwaka 1967, liligawanywa mwaka 1973 na kazi yake ya usambazaji mikoani ikachukuliwa na makampuni ya biashara ya mikoa, yaani RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, na maduka mengi ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa njema, nayo ni kumwondolea mnyonge unyonyaji wa mwenye duka. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokwisha, sabuni, sukari na khanga vikawa vitu vya kupigania. Mwenye kugawa akawa mtawala, na mwenye kununua akawa mwombaji kwenye foleni. Mwaka 1984 Serikali ilianza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na foleni zikaanza kwisha. Namna ya kumtazama mnunuzi haikwisha pamoja nazo.

Katika hali ile lilizaliwa neno ambalo halijafa hadi leo, nalo ni kimemo. Kilikuwa kipande cha karatasi chenye mistari miwili na sahihi ya mkubwa: huyu apewe mifuko 10 ya saruji, huyu apewe bati. Aliyekuwa na kimemo hakuhitaji kuaminiwa na yule aliyempelekea. Mgawaji hakumtazama usoni, alitazama sahihi. Na watu wengi waliojiona wana marafiki katika miaka ile, kwa hakika walikuwa na sahihi tu.

Kimemo hakiandikwi tena kwenye karatasi. Siku hizi ni simu: fulani atakuja, msaidie. Lakini asili yake haikubadilika. Ukiacha dhuluma inayowafika wale waliosimama kwa zamu yao, kujuana kwa namna hiyo kumefungwa kwenye kiti, na kiti kina mwenyewe, ambaye ni Serikali. Wastaafu hulitambua jambo hili katika miezi ya kwanza tu. Simu iliyokuwa ikilia tangu alfajiri hunyamaza. Yule mkandarasi aliyekuwa akitoa shikamoo kwa mtu wa rika lake, akimwita mheshimiwa na kumkumbuka kila sikukuu, sasa yumo katika ofisi ile ile, akimwamkia aliyechukua nafasi. Hana kosa. Tangu mwanzo alikuwa akikiamkia kiti.

Lakini Kiswahili kina neno jingine, kongwe kuliko kimemo na lenye heshima kubwa zaidi: mali kauli. Ni mali inayotolewa kwa neno. Mwenye bidhaa humkabidhi mwenzake akauze, wakaagana siku ya malipo, na kinachozidi juu ya bei waliyopatana kikawa cha mwuzaji. Hapawekwi rehani ya nyumba wala hati ya shamba. Dhamana ni kauli ya mtu, na kauli hiyo haina thamani yoyote ila ile iliyopatikana kwa kushikwa mara nyingi kabla ya hapo.

Kwa mali kauli ndipo misafara ya karne ya 19 ilipotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wakuu wengi wa misafara hawakuwa na fedha zao wenyewe. Merikani, kaniki, shanga na waya zilizobebwa na wapagazi zilitoka kwa matajiri wa Unguja, wengi wao wenye asili ya India, ambao walizitoa na kungoja, wakati mwingine kwa miaka kadhaa, hadi pembe zifike pwani. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip na aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na humo madeni na wadai wanatajwa kila mahali. Alipokuwa kijana alikopa kwa watu wengi mbalimbali, kidogo hapa na kidogo pale. Baadaye, jina lake lilipokwisha kujulikana, alikopeshwa na Taria Topan, mmoja wa matajiri wakubwa wa Unguja wakati huo. Topan alikuwa Mwismailia aliyetoka Kachi nchini India. Lile jengo la zahanati ya zamani lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, upande wa bandarini mjini Unguja, lilianzwa kujengwa kwa fedha zake. Yeye na mkopaji wake hawakuwa wa ukoo mmoja wala wa madhehebu moja. Na kutoka Unguja hadi Manyema hapakuwa na mahakama ambayo ingemsaidia Topan kudai chake.

Habari hizi hazifai kupambwa. Ilikuwa ni biashara ya pembe na ya watumwa, na wakati kauli ya tajiri kwa tajiri ilipokuwa ikitunzwa kwa uangalifu mkubwa, aliyetiwa minyororo na kubebeshwa pembe hakuwa na kauli yoyote. Zinatajwa hapa kwa sababu moja tu, nayo ni kuonyesha kwamba imani kati ya mdai na mdaiwa iliweza kuvuka bara zima bila benki na bila polisi, ikaendesha biashara kubwa kuliko yoyote ya wakati wake katika sehemu hizi. Imani hiyo haikuwa adabu ya mazungumzo. Ilikuwa ndiyo mtaji wenyewe.

Neno hilo halikufa pamoja na misafara. Linasemwa kila asubuhi Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Soko lake kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na katika maduka yanayolizunguka hununua watu wa mikoa yote ya Tanzania, pamoja na wafanyabiashara watokao Zambia, Malawi, Kongo na Visiwa vya Ngazija. Anayedhani kwamba biashara yote hiyo huendeshwa kwa fedha taslimu hajapata kukaa nyuma ya kaunta hata kwa nusu siku.

Namna mali kauli inavyopatikana ni jambo linalostahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Achukuliwe mwenye duka la nguo wa Songea. Safari ya kwanza hulipa taslimu, kama mtu yeyote. Safari ya pili hurudi katika duka lile lile, ingawa la jirani linauza kwa bei pungufu kidogo, na mwenye mali humkumbuka. Safari ya tatu huulizana majina, na habari za mvua na mazao huko atokako. Huenda katika safari ya nne au ya tano fedha zikapungua kidogo, na mwenye mali akasema: chukua, utanitumia. Hapo ndipo mtihani unapoanza. Akizituma siku mbili kabla ya ahadi, safari ifuatayo ataachiwa robo ya mzigo. Mwaka wa pili ni nusu. Mwaka wa tatu hana haja ya kusafiri. Hupiga simu, mzigo hupakiwa kwenye basi au lori, na fedha hufuata.

Jambo hilo haliharakishwi. Mstaafu anayeingia Kariakoo na milioni 20 mkononi, akamwaga zote kwa siku moja katika maduka 12 yenye bei nafuu, ameokoa fedha kidogo na amepoteza nafasi ya kujulikana na hata mtu mmoja. Atakapokuja mara ya pili bila fedha, kote alikopita atakuwa mgeni.

Tena watu wengi hawafahamu kinachovunja kauli. Hudhani ni kuchelewa kulipa. Wafanyabiashara wazoefu hawasemi hivyo. Mdaiwa anayepiga simu siku moja kabla ya ahadi na kueleza kwamba barabara imekatika, mazao hayajanunuliwa, wateja hawana fedha, na akataja tarehe nyingine, kauli yake imetikisika lakini ipo. Anayezima simu ameivunja, hata kama fedha anazo mfukoni na anakusudia kulipa wiki ijayo. Mwenye mali anaweza kuvumilia hasara aliyoarifiwa, maana naye ataweza kumwarifu mdai wake. Asichoweza kuvumilia ni giza.

Pale Kariakoo yupo pia mtu anayedharauliwa na wengi, ambaye mtumishi wa serikali angefaa kumtazama kwa makini. Huyo ni winga. Hana duka, hana ghala, na mara nyingi hana leseni. Husimama mtaani, humpokea mteja aliyetoka mbali asiyejua mlango gani unauza nini, humpeleka kwenye mali anayoitaka, na hupata chake juu ya bei ya mwenye duka. Wapo wadanganyifu miongoni mwao, na sifa yao mbaya hawakuonewa. Lakini winga aliyedumu kazini miaka 10 ni mtu wa namna nyingine kabisa. Mwenye duka wa Mpanda humtumia fedha kwa simu bila kumwona, naye humchagulia viatu kana kwamba anachagua vyake, hurudisha jozi yenye kasoro, hufunga mzigo na kutuma picha yake kabla haujapakiwa. Mtaji wake wote ni namba za watu katika simu na kumbukumbu ya mambo madogo: huyu wa Mpanda hapendi rangi za kuwaka, yule wa Kigoma hulipa baada ya mnada wa mwisho wa mwezi, mwingine amefiwa na mama na hafai kusumbuliwa wiki hii. Hiyo ndiyo elimu ya mteja. Mwalimu aliyewajua wanafunzi 45 kwa majina, tabia na matatizo ya nyumbani kwao anayo tayari, ila hajui kwamba ina thamani nje ya darasa.

Njia nyingine ya kuingia katika mtandao wa wafanyabiashara ni kuletwa na mtu. Vijana wengi wa Kikinga waliotoka Makete na kufungua maduka Mbeya, Iringa na Dar es Salaam walipita njia hiyo. Kijana hufanya kazi katika duka la ndugu au la mtu wa kwao kwa miaka, hatimaye hupewa mtaji au bidhaa za kuanzia, na tajiri wake humpeleka mwenyewe kwa wauzaji wa jumla. Anayemleta mwenzake hatii sahihi popote, lakini ameweka jina lake mezani. Yule aliyeletwa akikimbia na mali, wa kwanza kuulizwa ni aliyemleta. Kwa hiyo watu hawaletani ovyo. Utaratibu huu una nguvu, na una hatari yake pia, kwani mlango unaofunguliwa kwa ndugu na mtu wa nyumbani peke yake ni mlango uliofungwa kwa wengine, na taifa haliwezi kufurahia biashara iliyogawanywa kwa makabila. Hata hivyo anayeulaumu angeuliza kwanza kwa nini hakuna anayemshika mkono kijana asiye na ndugu mjini. Walimu wangeweza kufanya kazi hiyo. Ni nani amjuaye kijana mwaminifu kuliko aliyemkabidhi fedha za michango ya darasa zikarudi kamili?

Hapa mazungumzo yawageukie kidogo wale ambao bado wamo ofisini, kwa sababu mtumishi anaweza kudhani kwamba habari za wateja hazimhusu mpaka atakapostaafu. Serikali yenyewe ni mteja, tena ndiye mteja mkubwa kuliko wote. Achukuliwe mzabuni wa vyakula katika shule ya bweni. Mahindi na maharage ameyatoa kwa wauzaji wa jumla wa mjini kwa mali kauli, akiahidi kulipa baada ya siku 30. Amepeleka mzigo, umepokelewa, stoo imetia sahihi. Hati yake ya malipo inakaa katika meza ya mtu. Pengine fedha kutoka juu hazijafika, na hilo halimhusu mwenye meza. Lakini pengine hati imerudishwa kwa sababu ya nukta iliyokosekana, ikakaa wiki tatu kabla mzabuni hajaambiwa. Siku ya 31 anamkwepa mwuza mahindi barabarani. Mwuza mahindi naye anadaiwa na wakulima, ambao wangelipa ada na kununua mbolea. Madeni ya wazabuni yamezungumzwa bungeni mara nyingi, yakihesabiwa kwa mabilioni. Kisichohesabiwa ni kauli ngapi zilivunjika kijijini kwa ajili ya karatasi moja mjini. Karani aliyempigia mzabuni simu na kumwambia wazi kwamba fedha hazitatoka mwezi huu hakumlipa hata senti, na bado amemwokoa, kwa sababu amempa neno la kupeleka kwa anayemdai.

Jambo la urafiki kati ya mtumishi na mfanyabiashara halina budi kusemwa waziwazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba, na sharti hilo liliwagusa pia watumishi wa ngazi ya kati na ya juu. Halmashauri Kuu ya Chama iliyokutana Zanzibar mwezi Februari 1991 ililegeza masharti hayo. Wapo walioelewa kwamba kuanzia siku hiyo kila kitu ni ruksa, na hilo si kweli. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ilitungwa mwaka 1995, na sheria za ununuzi wa umma zimeandikwa upya mara kadhaa, ya karibuni ikiwa ya mwaka 2023, mwaka ambao pia zabuni zilianza kupitishwa katika mfumo wa NeST. Mtumishi anayetumia miaka yake ya mwisho ofisini kuwapa zabuni wale anaotarajia wawe wateja wake atakapostaafu, hajengi mtandao. Anaandika vimemo vya kuja kujilipa mwenyewe. Tena hesabu yake ni mbovu hata kwa kipimo cha faida. Mfanyabiashara aliyenunua upendeleo anajua bei ya aliyemwuzia, na mtu ambaye bei yake inajulikana hakabidhiwi mali kwa neno.

Rafiki wa kweli wa kibiashara anayepatikana ofisini ni yule aliyekataliwa kwa haki na kwa adabu. Jambo hili linaweza kuonekana geni, lakini wazee wa masoko wanalithibitisha. Mtu aliyenyimwa kibali kwa sababu hakustahili, akaelezwa sababu bila kutukanwa na bila kuombwa chochote, akaonyeshwa la kufanya ili astahili, humkumbuka aliyemnyima kwa miaka mingi. Atakapoliona jina lake juu ya mlango wa duka, ataingia.

Lipo shimo moja ambalo walimu hutumbukia zaidi kuliko watu wengine wote. Mwalimu akifungua duka katika mji aliofundisha, nusu ya wateja ni wanafunzi wake wa zamani na nusu nyingine ni wazazi wao. Shikamoo mwalimu. Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani huulizwa, za watoto huulizwa, kisha kilo mbili za sukari huchukuliwa, na neno la mwisho ni kwamba fedha zitaletwa jioni. Mwalimu hawezi kusema hapana, angeonekana amebadilika. Jioni haiji. Baada ya miezi minne heshima yote ya mji imo katika duka lake kama deni. Na kwa kuwa anaona aibu kudai, na wao wanaona aibu kudaiwa, huanza kupita njia nyingine, hata fedha wanapokuwa nazo. Hivyo amepoteza sukari na mteja kwa pamoja. Wenye maduka wakongwe waliliona zamani, ndiyo sababu waliandika ukutani kwamba leo fedha, kesho mkopo. Wahenga nao walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Dawa yake haimo katika kukataa kukopesha kabisa, kwa maana duka la mtaani lisilokopesha kabisa nalo hukimbiwa. Imo katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na habari yenyewe inapaswa iandikwe mbele ya macho ya anayekopa: jina, kitu, bei, siku ya kulipa. Kalamu ikishikwa tangu siku ya kwanza, kwa mkubwa na mdogo, kwa mchungaji, kwa shehe na kwa mke wa diwani, haimvunjii mtu heshima. Ikishikwa mwezi wa tano, baada ya hasara, kila anayeandikwa hujiona anashukiwa. Mwalimu mwenye rejista ya mahudhurio kwa miaka 30 hana haja ya kufundishwa jambo hili. Alimwandika mtoto kuwa hayupo hata alipokuwa mtoto wa mwalimu mkuu, na hakuna aliyemnunia.

Daftari la namna hiyo lina kazi ya pili. Wenye maduka ya jumla, na vikundi vya kuweka na kukopa kama vile vikoba, hupenda kuliona. Mtu anayeweza kuonyesha kwamba amekopesha watu 60, na 52 kati yao wamelipa kwa siku waliyoahidi, ameeleza mengi kuhusu wateja wake na mengi zaidi kuhusu yeye mwenyewe.

Kwa mtumishi ambaye bado ana miaka miwili ofisini, kazi inaweza kuanza sasa, bila kungoja kiinua mgongo na bila kugusa mali ya umma. Katika likizo yake anaweza kusimama wiki mbili katika duka la mtu mwingine, nyuma ya kaunta, akiuza bila mshahara. Atashangaa jinsi miguu inavyouma, na atajifunza kunyamaza mteja anapoisema vibaya bidhaa. Anaweza kuchagua muuzaji wa jumla mmoja, si 12, akanunua kwake mahitaji ya nyumbani kwa taslimu, kidogo kidogo, mpaka ajulikane kwa jina lake na si kwa cheo chake. Akienda huko aache gari la ofisi, na asitanguliwe na simu ya mtu yeyote. Siku atakapopungukiwa shilingi 3,000 na mwenye duka akamwambia azilete akipita, azipeleke kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, hata ikibidi kuchukua basi.